Siku Moja Maishani Mwangu: Kazi Yangu ni Kuharibu Seva

Kila ninapomweleza mtu kwamba ninafundisha usimamizi wa seva na mitandao, swali linalofuata huwa ni kama ninaweza kumtazamia printa yake. Shemeji yangu, ambaye nimeshamwelekeza mara nyingi, bado hunitambulisha kwa wageni kuwa fundi kompyuta, nami nimeacha kumsahihisha. Wanafunzi wangu ni watu wazima, watumishi wa vitengo vya TEHAMA katika benki, hospitali na halmashauri, wanaoletwa Kijitonyama, Dar es Salaam, kwa wiki mbili huku ofisi zao zikiendelea kuwapigia simu. Kuendesha seva iliyo nzima wanajua. Wanachokuja kujifunza ni la kufanya siku ikigoma, na kwa kuwa seva haigomi kwa ratiba ya darasa, mimi ndiye ninayeigomesha.

Saa 11 alfajiri nimekwisha kupanda daladala ya Mbagala kwenda Makumbusho, nimesimama, begi la kebo kifuani. Saa 1 na robo ninafungua maabara: seva 3 kwenye rafu ya chuma, swichi ya kuunganisha mtandao yenye matundu 24, kompyuta 16 na kiyoyozi ambacho hupoza upande mmoja tu wa chumba. Kabla ya kugusa chochote ninafungua daftari langu la makosa. Kosa ninaloliweka huandikwa humo kwanza, pamoja na saa, kwa sababu nimewahi kusahau nililolivuruga mwenyewe nikalitafuta hadi magharibi. Kosa la leo, Jumanne, ni dogo: nimeisogeza mbele kwa dakika 10 saa ya seva ya mafaili, kisha nimesimamisha huduma inayoirekebisha. Mfumo wetu wa kuthibitisha watumiaji, Kerberos, kwa kawaida hauvumilii tofauti inayozidi dakika 5, kwa hiyo mtu ataandika nenosiri sahihi kabisa na bado atakataliwa. Ni kosa zuri, maana linamfanya mtu amshuku kila mmoja isipokuwa saa.

Kipindi cha kwanza ni cha kubana nyaya, na kinapita bila tukio, darasa zima likiimba mpangilio wa rangi kuanzia nyeupe-chungwa hadi kahawia. Saa 4 chai na chapati. Saa 4 na nusu tunaanza zoezi, na hapo ndipo siku yangu inapopinda.

Nilitarajia malalamiko ya nenosiri, na baadhi walilalamika hivyo. Lakini nusu ya darasa ilisema haipati mtandao kabisa, jambo ambalo halikuwamo katika daftari langu. Nililifunua tena kama mtu anayetafuta miwani iliyo usoni. Wao waliamini kwamba hiyo ni sehemu ya zoezi, nami nikaamua kutowatoa katika imani hiyo, kwa kiasi kwa ajili ya mafunzo na kwa kiasi, nikiri, kwa ajili ya heshima yangu.

Tunaye mshiriki mmoja wa makamo, mkuu wa kitengo huko kwao, ambaye sote tunamwita Mzee. Kwa kila tatizo ana dawa moja. "Tuzime tuwashe, Mwalimu." Nilimwomba kwanza asome kumbukumbu za seva, yaani mistari ambayo seva huandika kila tukio na saa yake. Alizisoma kwa muda wa kumeza mate, akaomba tena kuzima. Nilimwuliza atatambuaje chanzo baada ya kuzima. Akanijibu, kwa upole wa mtu aliyekwisha kuamua, kwamba bosi hasubiri chanzo, anasubiri mfumo urudi. Hoja hiyo ina ukweli wake, na ndiyo inayonichosha kuliko nyingine zote, kwa sababu siwezi kusema ni uongo. Nilipogeuka kumsaidia mwingine, nilisikia feni za seva zikipanda sauti nyuma yangu. Alikuwa ameizima na kuiwasha.

Sasa tazama mkosi. Huduma ya saa nilikuwa nimeisimamisha tu, sikuizuia kuanza upya, kwa hiyo seva ilipoamka huduma nayo iliamka, ikarekebisha zile dakika 10, na manenosiri yakaanza kukubalika. Zoezi langu la asubuhi nzima likayeyuka, na Mzee akaligeukia darasa: "Si nilisema?" Wengine walipiga makofi. Nusu iliyokosa mtandao haikupiga.

Aliyetutoa gizani ni dada mmoja wa hospitali ya wilaya ambaye tangu Jumatatu hakuwa amezidisha maneno kumi. Alikuwa amelinganisha kioo chake na cha jirani. "Mwalimu, samahani, mbona mwenzangu anwani yake inaanza na 10 na yangu inaanza na 192.168?" Nilijizuia kutabasamu. Kompyuta inapowaka huuliza kwa sauti mtandao mzima ni nani atakayeipa anwani, na kwa kawaida hupokea jibu la kwanza kufika. Seva yetu ya DHCP hugawa zinazoanza na 10. Kulikuwa na mgawaji mwingine chumbani, na alikuwa akijibu haraka kuliko sisi.

Nikamwachia yeye usukani. Alitafuta anwani ya lango, yaani kifaa cha kutokea nje ya mtandao, ambayo mashine yake ilipewa, akapata namba ya kadi ya mtandao ya kifaa hicho, kisha akaingia kwenye swichi na kuiuliza namba hiyo imeonekana tundu gani. Tundu la 17. Kutoka hapo teknolojia ilikwisha, yakabaki magoti. Mimi na yeye tulitambaa chini ya meza kwa tochi ya simu, tukiifuata kebo ya kijivu iliyopita kwenye vumbi na kipande cha chapati, hadi nyuma ya pazia, ambako ruta ndogo nyeupe ilikuwa ikipepesa taa zake bila wasiwasi wowote. Ilikuwa ya kijana wa benki, aliyeileta ili wenzake wapate intaneti kwenye simu. Kama kebo angeichomeka kwenye tundu la WAN, lile la kupokea intaneti kutoka nje, nasi tungekula kwa wakati. Aliichomeka kwenye mojawapo ya yale mengine.

Aliomba radhi mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Nusu ya kosa ilikuwa yangu: swichi ile ina uwezo wa kukataa majibu ya anwani yanayotoka tundu lolote lisiloaminika, nami sikuuwasha kwa kuwa somo hilo ni la Alhamisi.

Wali tuliula umepoa. Ilikuwa saa 8 au zaidi, sikuangalia. Mchana nilifundisha DNS, mfumo wa kugeuza majina ya tovuti kuwa anwani za namba, kwa sauti iliyokauka, miguu ikiwaka moto, na Mzee akasinzia kwa adabu, kalamu mkononi.

Walipoondoka alibaki kijana mmoja wa halmashauri, akafungua kompyuta yake bila kuniangalia. Wiki iliyopita seva ya kwao ilizimika ghafla, na mlinzi wa usiku, aliyekuwa peke yake jengoni, amepewa barua ya kujieleza, majibu kesho asubuhi. Alinionyesha mstari wa kumbukumbu: UPS (betri ya akiba inayolisha seva umeme) imezidiwa mzigo, 05:14:09, na mwishoni herufi Z. Yeye ndiye aliyeusomea uongozi mstari huo kuwa ni saa 11 na dakika 14 alfajiri.

Nilimwuliza Z ni nini. Akanyamaza. Nilimpa karatasi, akaandika mwenyewe: 05:14 ni saa ya dunia, UTC, sisi tuko mbele kwa saa 3, kwa hiyo ni 08:14, na 08:14 kwa Kiswahili chetu ni saa 2 na dakika 14 asubuhi. Mlinzi hutoka saa 12. Alikodolea macho karatasi ile kwa muda, kisha akasema polepole kwamba katika chumba kile soketi nzima ni moja tu, ya UPS, na ofisi hufunguliwa saa 2.

Aliuliza kama asubiri amalize kozi ndipo aeleze. Nilimwambia barua ina tarehe. Akapiga simu pale pale, nami nikaendelea kukunja kebo, nikimsikia kutoka koridoni.

"Ndiyo, mkuu. Hapana, si alfajiri, nilikosea mimi kusoma... Saa 2 asubuhi, mkuu... Birika. Birika la chai."