Kumbukumbu ya mradi: gauni la doti moja limekubali kutulia

Limetulia. Nimelifua, nimelianika, nimelipiga pasi, nikalifua tena, na mishono ya ubavuni bado iko ubavuni. Wenzangu mnaoshona mnajua kwa nini mtu anaweza kushangilia jambo la namna hiyo saa sita za usiku.

Kwa aliyeingia katikati: sehemu ya vitendo ya shahada yangu ya uzamili ni nguo za kanga zinazoshonwa bila kukata jina (yale maneno yaliyoandikwa kwenye kanga) na bila kutupa kipande. Doti moja, gauni moja. Pindo la kanga ndilo pindo la gauni, na jina linakaa nyuma, chini ya kiuno, palepale ambapo limekaa siku zote. Tasnifu yenyewe inauliza kwa nini kanga ikishafika mikononi mwa mbunifu maneno yake yanageuzwa maua: nusu ya sentensi kwapani, nusu nyingine imefia kwenye mfuko. Hayo nitayagusa mbele. Leo ni habari ya sentimita 4, maana hizo ndizo zilizonila muhula mzima.

Kanga ikiwa dukani ni mstatili safi. Ipime kona kwa kona, huoni kasoro. Sasa ifue, wanga wote utoke, uianike kivulini, kisha uitandaze mezani. Imelala upande. Pindo mbili ndefu zimenyooka na jina limenyooka, lakini zile pindo fupi za kando zimeinama. Kwenye doti niliyoanza nayo zimeinama sentimita 4 ndani ya kimo cha 110. Chanzo ni kiwandani. Kitambaa kikiwa bado kibichi hutandazwa kwa mashine inayokishika kingo zote mbili na kukipitisha kwenye joto. Ukingo mmoja ukitangulia kidogo tu, nyuzi za mshindio, zile zinazokatiza upana wa kitambaa, zinakokotwa mshazari, na joto na wanga vinazigandisha hivyohivyo. Ndipo mchoro unapigwa juu yake, ukiwa umenyooka kwa kufuata kingo. Siku ya kufua, mshindio unarudi ulikozoea na kuuburuta mchoro nyuma yake.

Anayejifunga kanga hana habari na hili wala halimhusu. Anaizungusha, anaipachika, anatembea. Ni mimi niliyetaka kuishona.

Na ukiishona, tazama kinachotokea. Kanga mwilini hulazwa: ule urefu wa 150 ndio unaozunguka, mtande (nyuzi za urefu) umelala, mshindio ndio unaosimama. Kwa hiyo mshindio ukiwa umepinda kuliko mchoro, na wewe umekata kwa kufuata mchoro, nyuzi zinatafuta kuning'inia wima na zinaondoka na nguo. Badani ya mbele, yaani kile kipande kikubwa cha mwili wa nguo, inaelemea upande mmoja ukiitazama kwa nje. Badani ya nyuma, nayo ukiitazama kwa nje, inaelemea upande uleule. Maana yake zinafukuzana kuzunguka mwili. Mshono wa kulia unahamia mbele, wa kushoto unahamia nyuma, na mvaaji anabaki kujivuta nguo kila akiinuka kwenye kiti. Fulana nyingi za bei poa zina ugonjwa huuhuu, ila fulana haina pindo la kumwonyesha kila mtu.

Dawa ya darasani ni kuvuta hanamu, yaani mshazari: nguo ikiwa na unyevu, mmoja ashike kona hii, mwingine kona ile, mvute, kisha mvuke wa pasi. Mchoro unanyooka kabisa, mnapongezana, unashona, unafua, umerudi ulikotoka. Dawa ya pili ni kukata kwa kufuata uzi na kuusahau mchoro. Nguo haizunguki kweli, lakini pindo la kando linaanza nene juu na kwenda likikondeana hadi chini limebaki utepe. Nikaambiwa, "Kwani nani ataona?" Jamani. Panda daladala yoyote ya Mbagala na gauni la kanga lenye pindo la hivyo, utahesabu wangapi hawajaona kabla hujafika kituo cha pili.

Kuna aliyenishauri nigeuze tatizo kuwa mtindo, nikate hanamu moja kwa moja kama Madeleine Vionnet alivyofanya Paris miaka ya 1920. Hanamu ya Vionnet ni digrii 45, nguo inanyumbuka na kuufuata mwili. Yangu ni digrii 2. Digrii 2 si wima wala si hanamu, ni kero tu.

Kilichonichosha zaidi ni kwamba majaribio yote ya awali yalifaulu. Tunajaribia kwa kitambaa cha marekani, kama kila chuo, na marekani haina mchoro, kwa hiyo haina cha kukusuta. Ikiinama huoni. Nimeiweka hoja hii kwenye sura ya pili, maana ina historia yake. Hii pamba isiyopaushwa ililetwa Zanzibar na wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, tangu nusu ya kwanza ya karne ya 19, na ikitiwa nili ndiyo ilikuwa kaniki, vazi lililohusishwa na watumwa na watu wa chini. Utumwa ulipofutwa kisheria Zanzibar mwaka 1897, wanawake walioachwa huru walikuwa wakiikimbia kaniki na kujivika kanga zenye rangi na michoro. Zaidi ya karne baadaye, mwanafunzi wa ubunifu anafundishwa kwamba nguo halisi inaanzia kwenye kitambaa kisichosema kitu, na maneno na rangi vinakuja mwishoni kama chumvi. Kwenye kanga mambo yameanza upande wa pili. Kwanza unachagua neno, halafu ndiyo mengine.

Programu ya kompyuta ya kuchora pateni nayo haikunisaidia. Kwake uelekeo wa uzi ni mshale mmoja, na mshindio unachukuliwa kuwa uko sawa na pembe mraba, amina. Gauni langu kwenye skrini lilining'inia kama malaika. Nimeacha kuifungua. Karatasi ya kaki, rula ndefu na kipande cha sabuni iliyokauka vinanitosha. Sabuni, si chaki: chaki ya bluu imeniachia alama kwenye mji mweupe (ile sehemu ya katikati ya kanga) mara nyingi mno, sabuni inaondoka na maji ya kwanza.

Mlango ulifunguka kwa mzee mmoja fundi wa kanzu, anayeshonea barazani Kariakoo. Nilikwenda kumuuliza jambo jingine kabisa, namna ya kutia kikwapa, kile kipande cha chini ya kwapa, bila mshono kuvimba. Nikamsalimia, "Shikamoo mzee," akaitikia, akalichukua gauni, akalishika mabegani kwa vidole viwili na kulitikisa mara moja. Hakulipima.

"Hili linataka kuondoka," akasema. "Taharizi zako ziko wapi?"

Nikamwambia sijaweka, ni badani mbili tu, nataka mishono michache.

"Mwanangu, badani hailazimishwi. Badani unaiacha ilivyo. Taharizi ndiyo inayobeba mzigo."

Kwa msiowahi kuifumua kanzu: taharizi ni vile vipande vya ubavuni, vyembamba juu na vipana chini, vinavyounganisha badani ya mbele na ya nyuma. Nilikuwa nimeziona maisha yangu yote nikidhani kazi yake ni kumpa mtu nafasi ya kutembea. Nikarudi nyumbani nikachora taharizi za kila aina. Nguo ikapendeza, ikapanuka, na ikaendelea kuzunguka. Mzee alikuwa na haki kuhusu mzigo, lakini taharizi peke yake haiwezi kuzuia mzunguko, kwa sababu badani zote mbili bado zinakimbilia upande mmoja.

Sasa hapa ndipo penyewe. Gauni lilikuwa kwenye kamba, limeanikwa ndani nje ili rangi isichujuke, na pindo za kando zilikuwa zimeinama kinyume. Bila shaka zimeinama kinyume; ukigeuza kitambaa ndani nje kila kitu kinakuwa kama kwenye kioo. Kukizungusha juu chini hakusaidii, mwinamo unabaki uleule, nilishajaribu. Lakini kukigeuza uso kunaugeuza mwinamo. Basi, badani moja ikitazama nje na nyingine ikitazama ndani, hazifukuzani tena. Zote mbili zinaelemea kulia kwa mvaaji, kwa kipimo kilekile. Mzunguko umekufa. Kinachobaki ni gauni kuegemea upande mmoja, na hilo sasa ndilo la taharizi: ya kulia nimeipunguza sentimita 4 chini, ya kushoto nimeiongeza sentimita 4. Ukilivaa, upana wa chini unameza tofauti yote. Mishono imesimama. Niliporudi kwa mzee alilitikisa tena, akanirudishia, akaendelea na kazi yake. Kwa mafundi wa rika lake hiyo ni pongezi.

Mgawanyo, kwa wanaotaka kujaribu: kila kanga ya 150 natoa badani ya 70 katikati, jina likiwa zima ndani yake (langu lina sentimita 62, kwa hiyo pima jina kabla hujalipa). Zinabaki mbavu mbili za 40 kila kanga. Za kanga ya nyuma zinakatwa mshazari kuwa taharizi, za kanga ya mbele zinakuwa mikono, pindo likiwa kwenye kiwiko. Shingo inayotolewa ndiyo vikwapa. Kinachobaki ni nyuzi.

Kuhusu mishono: overloki hapana. Inakula karibu nusu sentimita kila ukingo na inaacha utambi mnene unaojichora kwa nje ukipiga pasi. Nakunja mara mbili na kulaza, kama ubavu wa suruali ya jinzi, maana kwenye nguo hii ndani na nje vina heshima sawa. Sindano namba 11. Ile 14 ambayo kila cherehani ya kukodi imefungwa inatoboa pamba ya kanga hadi unaona mwanga. Na cherehani ya kukanyaga bado inaishinda ya umeme kwa kazi hii. Ukifika kwenye kona ya pindo unataka hatua tatu za sindano, si kumi na tano.

Kitambaa ndicho kila kitu. Badani inayotazama ndani haina maana kama rangi haijapenya. Hizi kanga nyepesi zenye nailoni zina uso upande mmoja tu, ukizigeuza zimepauka kama mtu aliyeamka na homa. Inatakiwa pamba, na rangi iliyozama. Nzuri kuliko zote nilizonazo ni ya zamani ya Urafiki, kile kiwanda cha Ubungo kilichofunguliwa 1968 kwa msaada wa China. Imetoka kwenye sanduku la bibi, na nikiishika kwenye dirisha siwezi kuapa upi ni uso. Sitaikata. Mtaani Uhuru najaribu kwa kulowesha kidole na kubonyeza kona, wauzaji wameshanizoea, wengine wananiambia wenyewe, "Hiyo dada utaiacha, twende huku."

Sasa lile ambalo sikulipanga. Badani ya mbele ikitazama ndani, jina lake nalo linatazama ndani. Doti ina jina lilelile mara mbili, na kwa kawaida hilo la pili linaishia mabegani au kichwani, linarudia tu. Kwenye gauni hili la nyuma linasomwa na ulimwengu, la mbele linalala juu ya mapaja ya mvaaji, na anayeweza kulisoma ni yeye peke yake wakati wa kulivaa. Nimetumia "Japo sipati tamaa sikati." Kwa nyuma ni kijembe kwa mtu fulani. Kwa ndani, sentensi hiyohiyo, unaambiwa wewe.

Muhula mzima tumejadili darasani jina la kanga kama ujumbe unaorushwa kwa jirani, kwa mke mwenza, kwa mume. Msimamizi wangu alinielekeza kwa Lubaina Himid, mchoraji wa Uingereza aliyezaliwa Zanzibar 1954 na kushinda Tuzo ya Turner 2017, ambaye amechora kanga nyingi zenye maneno yake. Kazi zile zimenifundisha kuliacha neno lipumue ndani ya fremu yake. Lakini zinatundikwa ukutani, na ukutani neno lina upande mmoja. Nguo ina pande mbili, na mimi nilikuwa nimeuchukulia wa ndani kama mahali pa kuficha uzi.

Kwa hiyo ratiba imevurugika. Nguo ya pili ilikuwa iwe ya kisutu, ile kanga ya harusi, nimeshanunua doti na kuifua, ipo imekunjwa. Ya tatu ilikuwa koti. Zote nimezisogeza, kwa sababu siku hizi nawaza nguo zinazosomwa kwa ndani tu: ukiitazama kwa nje ni mji na pindo, jina anajua mwenyewe. Msimamizi anaona naanza mradi mwingine. Mimi naona ndio huuhuu.

Tatizo jipya ni maonyesho ya mwisho. Utaratibu ni kila nguo ivishwe sanamu, mtahini apite akitazama, asiguse. Nguo yangu ikivishwa sanamu, nusu ya kazi haipo. Nimeandika barua kuomba gauni liwekwe kwenye henga, pembeni pawe na pazia na kioo, na mtahini anayeweza kulivaa alivae. Mmoja wao ni mwanamume wa futi sita na zaidi, kwa hiyo jioni hii napima kama badani ya 80 itatoka kwenye kanga ya 150 bila kuua mikono. Hesabu ya kwanza inasema mikono itapungua sentimita 5. Pindo la kiwiko litapanda juu ya kiwiko, na sijui kama nitalivumilia.