Nilienda kutafuta kaburi la askari mhamiaji, tairi ikapasukia Montana

Tangu mdogo wangu aingie jeshi la Marekani mwaka 2014 mimi na yeye tulikuwa watu wa kusalimiana tu, za huko, mama mdogo anaendeleaje, haya usiku mwema. Alikuja huku kwa viza ya masomo, mwaka wa pili ada ikamshinda, na kipindi kile kulikuwa na mpango wa jeshi kuchukua wageni wanaojua lugha fulani fulani, Kiswahili ikiwemo, ukiingia unapata uraia haraka badala ya kusota miaka. Akaingia bila kuniuliza. Mimi nilikasirika sana na sikuficha, kwa sababu sisi ni watu wa Songea, na Songea ukitaja askari aliyekula mshahara wa mgeni kuna mambo yanakuja kichwani hata kama hujayaona kwa macho yako.

Sasa mwaka jana akanitumia jina tu kwenye WhatsApp, Charles Windolph, na chini yake kaandika kaka msome huyu. Nikasoma usiku kucha. Mjerumani, kazaliwa 1851, akakimbia kwao vita ya Wajerumani na Wafaransa ya 1870 isimkute, hakutaka kabisa kuwa mwanajeshi. Kafika Marekani hana kazi, Kiingereza hakipandi, akaishia wapi? Jeshini! Akajiunga na kikosi cha miguu, akatoroka, akajiandikisha tena Kikosi cha Saba cha wapanda farasi kwa jina la uongo, Wrangell. Mshahara wa askari wa kawaida dola 13 kwa mwezi. Na hakuwa peke yake, kile kikosi kilijaa Waayalandi, Wajerumani, Waskoti na Waitalia, watu waliotoka kwao kutafuta maisha wakayakuta juu ya farasi katika nchi ambayo hata wao hawakujua ni ya nani. Tarehe 25 na 26 Juni 1876 akawa Little Bighorn, mto ulioko Montana, kwenye ile vita na Walakota na Wacheyenne, wenyeji wa nchi ile, aliyokufa Custer kamanda wa kikosi na kila askari aliyekuwa naye kwenye makampuni matano, watu zaidi ya 200. Windolph alikuwa kampuni H chini ya Kapteni Benteen, wao walizingirwa juu ya kilima kama kilomita sita au saba kutoka pale alipofia Custer, ndo maana alipona. Akapata Medal of Honor, nishani kubwa kuliko zote za kijeshi huku.

Basi nikachukua likizo ya wiki moja nikasema naenda kumuona huyo mtu alipolala, halafu niende mpaka kwenye kile kilima.

Gari langu haliaminiki safari ndefu hivyo nikakodi, na hapo ndo kilio changu kilipoanza, bei uliyoiona mwanzo siyo utakayolipa, mara bima, mara kodi ya uwanja wa ndege ambao mimi hata sikuutumia, nikajikuta nimeongeza karibu nusu ya ile bei. Kutoka Minnesota mpaka South Dakota siku nzima ni mahindi na upepo, sina cha kusimulia. Moteli ya kwanza dola 119, godoro linabonyea katikati kama kitanda cha kamba kilicholegea, chai ya asubuhi ni mashine ya maji ya moto na mkate mkavu.

Makaburi yako nje kidogo ya mji wa Sturgis, pembeni kabisa mwa barabara kuu, mawe meupe yamepangwa mistari mpaka macho yanachoka. Nikamkuta. Jina lake la kweli, kampuni H, wapanda farasi wa saba, kafariki Machi 1950 akiwa na miaka 98, mzungu wa mwisho aliyekuwa hai kati ya waliopigana ile vita. Nilisimama pale nikapiga hesabu, huyu mtu alishuhudia mishale na bunduki za risasi mojamoja halafu akaishi mpaka bomu la atomiki. Hapakuwa na ua hata moja kwenye jiwe lake.

Alipoacha jeshi alienda Lead, mji wa dhahabu juu ya milima, hutamka liid, mimi nilitamka vibaya wakanirekebisha mara tatu. Pale alifanya kazi mgodi wa Homestake miaka 49. Nenda kaone lile shimo, mlima mzima umekatwa katikati, na chini ya ardhi walichimba zaidi ya mita 2,400 kabla hawajafunga 2002. Hapo nilikaa muda mrefu kwa sababu kuna kitu kinaniuma. Ile milima, Black Hills, mkataba wa 1868 uliandikwa kabisa kwamba ni ya Walakota. Mwaka 1874 Custer akaja na wanajeshi wake, Windolph akiwa mmoja wao, habari za dhahabu zikasambaa, watu wakamiminika, vita ikafuata, na baada ya vita yule yule askari akaja kuichimba hiyo dhahabu kwa mshahara wa kibarua. Mwaka 1980 Mahakama Kuu ya Marekani ikasema Walakota waliporwa, wakapangiwa fidia ya zaidi ya dola milioni 100, na mpaka leo wamekataa kuichukua, wanataka milima yao. Watu wengi wao wana shida na pesa wameikataa. Nilipata heshima kubwa kwa watu hao.

Kutoka hapo unashika barabara 212, Belle Fourche, Alzada, Broadus, nyasi tupu na ng'ombe mmoja mmoja. Nikiwa nimeshapita Broadus, kwenye misonobari ile kabla ya Ashland, nikasikia paa! gari likavuta kulia, nikashika usukani kwa nguvu zote nikaegesha pembeni. Tairi ya mbele kulia, ubavu wote umechanika. Nafungua buti nitoe spea, jamani, hakuna spea! Kuna kipampu kidogo cha umeme na chupa ya gundi ya kuzibia kitundu cha msumari. Ubavu umechanika wa kupitisha ngumi, gundi itaziba nini? Na bima nililipia. Simu haina mtandao hata kidogo. Nikapanda kilima kwa miguu mpaka nikapata vistari viwili, nikawapigia wenye gari, nikasubirishwa na muziki, mwisho dada mmoja akanijibu kwamba gari la kuvuta litakuja kesho asubuhi na gharama ni dola 430 juu yangu kwa sababu niko mbali na mji. Nilimwambia, dada yangu, mimi nimekaa porini, akasema pole sana, kuna kingine nikusaidie?

Nilikaa pale saa mbili na nusu. Malori yanapita yananitikisa na upepo wake. Nilikuwa na chupa moja ya maji nusu, jua la mwezi wa tisa lile kali bado, na nakuambia kiu ya mtu ambaye hajui ataokolewa saa ngapi siyo kiu ya kawaida, unaanza kuihesabu ile chupa kwa macho.

Ikaja pikapu ya zamani ikapunguza mwendo ikarudi rivasi. Akashuka mzee wa Kicheyenne, nywele ndefu nyeupe kazifunga nyuma, kofia yake imeandikwa Vietnam, na kijana mjukuu wake. Hakuniuliza mengi, aliangalia tairi akatikisa kichwa, akatoa jeki yake, kijana akafungua nati, gurudumu likatupwa nyuma ya pikapu na mimi nikaambiwa panda. Njiani ndo akauliza unatoka wapi, nikasema Tanzania, akauliza na huku unaenda wapi. Nikasita. Kumwambia Mcheyenne kwamba nimesafiri siku tatu kwa ajili ya askari wa Custer, aisee, nilitamani niseme naenda kutembea tu. Lakini mtu kakuokoa barabarani humdanganyi, nikamwambia ukweli wote, mpaka habari za mdogo wangu.

Alinyamaza kama maili mbili hivi. Halafu akasema bibi yake mzaa bibi alikuwa mtoto mdogo kwenye ile kambi ya mtoni siku askari wanakuja, mama yake alimshika mkono wakakimbia. Akasema na yeye mwenyewe alipofika miaka 19 alivaa sare za jeshi lile lile akaenda Vietnam, na baba yake alivaa vita ya Hitler. Nikamuuliza kwa nini mzee wangu. Akasema hakukuwa na kazi. Kisha akaongeza, na hii ni nchi yetu, nani mwingine ailinde? Maneno yote mawili aliyasema kwa sauti ile ile.

Ikabidi na mimi nitoe ya kwetu. Nikamwambia sisi Wangoni tulipigana na Wajerumani 1905 mpaka 1907, vita ya Majimaji, na tarehe 27 Februari 1906 wakanyonga watu 67 pale Songea, wakawatupa kaburi moja, na Nduna Songea Mbano naye wakamnyonga, watu wanasema kichwa chake kilipelekwa Ujerumani na wajukuu wanakitafuta mpaka leo. Nikamwambia waliokuwa wanashika bunduki upande wa Mjerumani wengi wao walikuwa weusi kama mimi, wa kwanza kabisa waliajiriwa kutoka Sudan na Msumbiji, watu waliokuja kutafuta mshahara. Mzee akasema na hapa Custer aliongozwa na Wakrow na Waarikara, makabila mengine ya wenyeji. Akauliza hiyo dawa ya maji mliyotumia ilikuwaje, nikamweleza walivyonyunyiziwa maji wakaamini risasi zitageuka maji. Hakucheka hata kidogo. Akasema tunajua imani ya namna hiyo.

Tukafika kwa binamu yake, uani kwake kuna matairi yamelundikana, tukapata moja inayoingia, imetumika lakini ina meno, dola 40. Wakanirudisha mpaka kwenye gari, wakafunga, giza linaanza. Nikatoa dola 100 mzee akaukunja mkono wangu akaurudisha kifuani kwangu. Akanipa chupa mbili za maji akasema, ukifika usiishie kwenye mawe meupe, tafuta mekundu. Nilienda nikalala kwenye chumba cha dola 134 kisicho na maji ya moto na sikulalamika.

Asubuhi nikafika kwenye uwanja wa ile vita, dola 25 kwa gari kuingia. Nikaanzia kule mwisho, kilima cha Reno na Benteen, pale alipozingirwa Windolph. Ukikanyaga pale unaelewa kitu ambacho kusoma hakukupi. Juu ni pakavu, mti hakuna, na mto unauona chini pale unang'aa, karibu kabisa, na huwezi kuufikia kwa sababu unapigwa risasi. Majeruhi makumi wamelala katikati ya farasi na nyumbu waliokufa, daktari aliyebaki mmoja, wanalilia maji. Wakajitolea watu kushuka kwenye korongo na masufuria na chupa za bati. Windolph na wenzake watatu, mmojawapo Otto Voit naye Mjerumani, wakakaa pale juu ukingoni, wazi kabisa, wakafyatua risasi kuwalinda wachota maji. Nishani yake ni ya hilo, maji. Peter Thompson, Mskoti, alishuka mtoni mkono wake ukiwa umetobolewa na risasi, akapewa nishani. Mike Madden, Muayalandi, fundi matandiko ya farasi, alivunjwa mguu kwenye kuchota, wakaukata pale pale kilimani, na yeye hakupewa. Nishani 24 zilitoka kwenye ile vita na Madden hayumo, mimi hilo limenikaa mpaka leo.

Nilishuka kale kanjia nikaliangalia korongo lile. Niliyaona maji nikahisi ile kiu ya barabarani imerudi kooni.

Halafu nikaenda kwenye kilima cha Custer, mawe meupe yamesambaa kwenye nyasi, kila moja panapodhaniwa alianguka askari, yaliwekwa tangu 1890. Mekundu, ya wapiganaji wenyeji, yalianza kuwekwa 1999 tu, miaka 123 baadaye, na ni machache, unayatafuta. Nililiona la Lame White Man, chifu wa Wacheyenne aliyekufa siku ile. Nikavua kofia. Bibi yangu alikuwa akitambika alichanganya unga na maji, mimi unga sikuwa nao, nikamimina ile chupa ya pili ya yule mzee kwenye nyasi mbele ya jiwe, kidogo kidogo mpaka ikaisha. Mama mmoja mzungu alikuwa ananiangalia, hakusema kitu.

Gari niliporudisha wamenikata dola 210 kwa sababu tairi si ya aina yao, bado nabishana nao.

Usiku ule wa Montana nilimtumia mdogo wangu picha tatu, kaburi, korongo na jiwe jekundu. Badala ya kuandika akapiga. Tuliongea Kingoni mpaka chaji ikakaribia kuisha, habari za mgodi, za yule mzee, za Madden. Akaniambia siku anaenda kuapa alivaa lile shati langu la bluu la kanisani, ambalo mimi nililitafuta mwezi mzima.