Jekpoti ikikuangukia Malindi, anza na laini ya simu

Usiku ambao timu zako zote 17 za jekpoti ya kubashiri mpira zimekubali na ujumbe wa pongezi umeingia, cha kwanza kuangalia si benki wala wakili. Ni laini ya simu. Kampuni ya kamari inamjua mteja kwa namba iliyochezea na jina lililosajiliwa kwa namba hiyo. Hapa pwani wako vijana wengi wanaotumia laini ya mama, ya shemeji, au ya rafiki aliyekwenda Qatar, kwa kuwa siku ya kuinunua kitambulisho kilikuwa hakijatoka. Ukishinda 20,000 hakuna anayeuliza. Ukishinda milioni mia, mwenye jina ndiye mshindi kwenye makaratasi, na shemeji huyo mnayekunywa naye kahawa kila jioni huenda akapata wakili kabla yako.

Kwa laini ya Safaricom, *106# hukuonyesha namba zote zilizo chini ya kitambulisho chako. Ukikuta ya ushindi haimo, usikimbilie kubadilisha usajili usiku huo. Laini iliyoshinda ikihamishwa jina ghafla, hata mtu wa haki huonekana mwizi. Mchukue mwenye jina, mwende wote wawili kwa wakili, muandikiane nani alicheza, kwa pesa ya nani, na kila mmoja anapata nini. Vivyo hivyo kama mlichanga. Mapatano ya watu watatu waliotoa shilingi mia mia huandikwa kabla pesa hazijaingia, na ujumbe wa M-Pesa wa michango yao uambatanishwe. Zikishaingia, kila mmoja atakumbuka mapatano yake.

Kisha ifunge laini isibadilishwe kadi na mtu mwingine. Safaricom wana *100*100#, baada ya hapo kubadilisha kadi kunahitaji uende dukani mwenyewe na kitambulisho. Badilisha PIN ya M-Pesa na nywila ya barua pepe. Piga picha ya namba ya mkeka, yaani tiketi yako ya kubashiri, uihifadhi mahali pawili, wala usiitie kwenye status. Na anayepiga simu kudai ada ya kuachilia pesa, mkatie. Kodi hukatwa kutoka kwenye ushindi wenyewe, huitumi wewe. Kwa miaka kadhaa kodi hiyo ya zuio ilikuwa asilimia 20 ya ushindi. Sheria ya Fedha ya 2025 ikaigeuza kuwa asilimia 5 ya pesa unazotoa kwenye akaunti ya kamari.

Kabla ya kupanda basi la Nairobi kufuata ushindi wako, soma masharti ya kampuni, hasa kifungu cha jina na picha. Mara nyingi ulikikubali siku uliyojisajili bila kukisoma. Omba kwa maandishi ulipwe bila wanahabari. Wakikataa, uliza angalau mtaa usitajwe. Mshindi wa shilingi 221,301,602 mwaka 2017 alijulikana Kenya nzima kwa siku moja. Ukipigwa picha na hundi ya kadibodi asubuhi, adhuhuri imeshafika mitaa ya Maweni, Barani na Kisumu Ndogo, na alasiri barazani kwenu pamejaa.

Malipo yenyewe yana mipaka yake. M-Pesa haishiki zaidi ya 500,000. Hundi ya kweli haivuki 999,999. Kwa hiyo pesa nyingi huja kwa RTGS, benki hadi benki, na akaunti lazima iwe na jina lile lile la kitambulisho na la PIN ya KRA, yaani namba yako ya mlipakodi. Herufi moja ikitofautiana, Mohamed na Mohammed, malipo hurudi. Dai vitu viwili kutoka kwa kampuni: barua ya ushindi na cheti cha kodi ya zuio. Hicho ndicho cheti cha kuzaliwa cha pesa zako. Kila benki na kila wakili atakiuliza, na ukitaka kutoa zaidi ya milioni moja taslimu utaulizwa pia zinakwenda wapi.

Watu wengi hudhani pesa zikishafika benki zimefika nyumbani. Benki ikianguka, bima ya amana hulipa 500,000 tu kwa kila mteja kwa kila benki. Waliokuwa na akaunti Imperial Bank mwaka 2015 na Chase Bank mwaka 2016 wanaelewa. Huwezi kugawa milioni mia kwenye benki mia mbili; Kenya haina benki hizo. Ninachokipendelea ni hati za serikali za siku 91, yaani unaikopesha serikali kwa muda huo nayo inakurudishia na faida. Fungua akaunti kwa simu kwenye DhowCSD, mfumo wa Benki Kuu wa kununulia hati hizo, kiwango cha chini ni 50,000, na faida hukatwa kodi ya asilimia 15. Lakini kubwa si faida. Kubwa ni kwamba kwa miezi mitatu mjomba akija na mpango wa kununua lori, unamjibu kweli tupu: pesa ziko serikalini, hazitoki kirahisi.

Muislamu ana swali la kabla ya yote haya, na washauri wa Nairobi hawaligusi. Kamari yenyewe imekatazwa wazi, Al-Maida aya ya 90, na riba ya hati hizo ni katazo jingine. Rai maarufu ya wanazuoni ni kwamba mali ya namna hiyo hutolewa kwa masikini na maslahi ya umma bila kutaraji thawabu. Mwone sheikh kabla hujagusa hata shilingi.

Kwa atakayeendelea: Powerball ya Marekani humruhusu mshindi achague malipo 30 yaliyosambazwa kwa miaka 29. Kwetu zote huja kwa mpigo, basi mshahara wa namna hiyo ujitengenezee mwenyewe kwa bondi za serikali, ambazo hulipa kila miezi sita. Chukua mfano wa milioni 60 kwenye bondi ya miaka 15 yenye riba ya asilimia 12. Mwaka mzima ni milioni 7.2, toa kodi ya asilimia 10, inabaki 6,480,000. Yaani 540,000 kwa mwezi bila kugusa mtaji. Lakini bei hupanda, kwa hiyo usizile zote.

Madeni yalipwe mwanzo, pamoja na lile la dukani. Mwenzako wa ndoa aambiwe siku ya kwanza. Akisikia kwa jirani umepoteza zaidi ya jekpoti. Ndugu wawekee fungu moja, tuseme milioni tano, na likiisha limeisha. Karo ilipe shuleni moja kwa moja, matibabu hospitalini. Usikopeshe. Toa, au kataa.

Shamba ndipo penye mashimo. Madalali watakuletea ploti Mayungu, Casuarina, Watamu, zote za haraka, zote zina mnunuzi mwingine njiani. Usinunue kabla ya miezi sita. Ukianza, wakili wako, si wa muuzaji, afanye upekuzi wa hati. Saveya, mpima ardhi, akuonyeshe bikoni, yaani alama za mpaka. Nawe uende mwenyewe uzungumze na wanaoishi pale, maana ardhi nyingi za pwani zina hati mkononi mwa mmoja na minazi ya mwingine. Shamba la kilimo huhitaji kibali cha bodi ya ardhi, kinachoombwa ndani ya miezi sita tangu mkataba, la sivyo mauzo ni batili. Ushuru wa stempu ni asilimia 4 mjini na 2 mashambani: ploti ya milioni kumi mjini ni 400,000 zaidi. Amana, kwa kawaida asilimia 10, ikae akaunti ya wakili. Anayetamani nyumba ya mawe Lamu akumbuke mji ule ni urithi wa dunia tangu 2001. Kubomoa ukuta kunahitaji idhini ya Makumbusho ya Taifa.

Mwisho rudi kwenye ile laini. Itaendelea kupokea ujumbe wa bonasi kila Ijumaa, na dau la mtu mwenye mamilioni si la shilingi mia tena. Iombe kampuni kwa maandishi ikufungie akaunti ya kamari, lakini laini yenyewe usiitupe: ndiko benki inakokutumia namba za siri.