Safari ya Altoona Kumtazama Kijana wa Miaka 19

Ukitoka Pittsburgh kwa barabara namba 22 kuelekea mashariki, yanaisha kwanza maduka makubwa, kisha mashamba, halafu inabaki milima na malori. Ilikuwa mwishoni mwa Agosti 2025. Usukani aliushika jirani yangu, mzaliwa wa Uvira, ambaye mwanawe anacheza beisboli shuleni na ndiye aliyeniingiza kwenye mchezo huu. Tulikuwa tunakwenda Altoona, kilomita kama 150, kumtazama Konnor Griffin, mchezaji wa beisboli wa miaka 19.

Kwa msomaji aliyezoea soka: timu ya Ligi Kuu ya beisboli haina akademi moja, ina ngazi. Pittsburgh Pirates wanaanzia chini kule Bradenton, Florida, wanapanda Greensboro, kisha Altoona, kisha Indianapolis, na mwisho Pittsburgh kwenyewe. Mchezaji wa Altoona anavaa jezi ya Altoona Curve, lakini mkataba wake ni wa Pirates, na wao ndio wanaoamua leo apande au ashuke. Griffin alichaguliwa wa tisa mwaka 2024, kwenye uteuzi wa kila mwaka ambapo timu huchagua vijana kwa zamu, akitoka sekondari huko Mississippi. Wengi walisita kumchukua kwa sababu gongo lake lilikuwa likikosa mipira mingi. Msimu wake wa kwanza tu akazikwea ngazi tatu, na Agosti ikamkuta Altoona.

Baada ya Cresson barabara inaanza kuteremka. Hapa ndipo reli ilipowashinda wahandisi mpaka mwaka 1854, walipoizungusha mlimani kwa kona iliyopinda kama kiatu cha farasi, ile Horseshoe Curve iliyoipa timu jina lake. Treni bado zinapita. Mji wenyewe ulijengwa na karakana za reli, na ukiutazama kutoka juu unaona matofali mekundu na minara ya makanisa.

Uwanja ni mdogo na mzuri. Nyuma ya upande wa kulia ilisimama reli ya vigari vya kupanda na kushuka (roller coaster) ya bustani ya burudani, imepinda juu ya ukuta kana kwamba ni sehemu ya jukwaa. Tulifika mapema makusudi, kwa sababu mazoezi kabla ya mechi yanasema mengi. Nyuma ya besi ya nyumbani, pale anaposimama mpigaji, walikaa maskauti, yaani wasaka vipaji, kila mmoja na daftari lake na kile kipima mwendo kinachoshikwa kama bastola. Hakuna aliyepiga makofi hata mara moja.

"Ndugu yangu, acha kutazama gongo," jirani aliniambia. "Tazama miguu."

Nikatazama miguu. Griffin ni mrefu, mita 1.90 hivi, na warefu wengi wakichezea nafasi ile kati ya besi ya pili na ya tatu huchelewa kuinama. Yeye alikuwa ameshafika pale mpira unapokwenda kabla haujadunda mara ya pili, magoti yamekunjwa, glovu iko chini kwenye udongo. Mpira ukiingia, mkono wa kulia uko tayari juu yake. Alirudia hivyo hivyo, kocha akimpigia kushoto na kulia, na sikuona tofauti kati ya wa kwanza na wa mwisho.

Kuhusu upigaji, mimi sihesabu mipira iliyovuka ukuta, hasa ile ya Greensboro, uwanja unaojulikana kwa kuwapendelea wapigaji. Ninachotazama ni mpira wa kupinda unaoanza vizuri kisha ukatoka nje ya eneo halali. Kijana wa kawaida hujitupa nao. Atakayefika mbali huuacha upite. Altoona ndiyo ngazi ya kwanza ambapo warushaji wanaujua mpira huo sawasawa, ndiyo maana nilitaka kumwona huku.

Lakini Altoona pia inafundisha kutofanya haraka. Henry Davis, chaguo la kwanza kabisa la mwaka 2021, alipiga vizuri sana hapa mwaka 2023, lakini hadi 2025 gongo lake lilikuwa halijafunguka Pittsburgh. Termarr Johnson, chaguo la nne la 2022, tuliyemwona siku hiyo kwenye besi ya pili, alikuwa akipanda polepole zaidi ya walivyotarajia. Na Gift Ngoepe wa Afrika Kusini alipita uwanja huu huu. Alisajiliwa 2008 na hakufika Ligi Kuu hadi Aprili 2017, Mwafrika wa kwanza mzaliwa wa bara letu kufanya hivyo, akaupiga mpira uliorushwa na Jon Lester wa Cubs na kufika besi mara yake ya kwanza kusimama kupiga. Baadaye Pirates walimsajili pia Mganda David Matoma, mrushaji. Nikimtaja huyo, jirani yangu hunyamaza na kusikiliza.

Tatizo la Pirates mwaka ule halikuwa kwa warushaji. Paul Skenes, ambaye naye alipita Altoona mwaka 2023, alitwaa tuzo ya Cy Young, ya mrushaji bora, mwaka 2025 akiruhusu wastani wa chini ya alama 2 kwa kila ngwe 9, yaani mechi nzima, na bado rekodi yake ikawa ushindi 10 na kushindwa 10. Bubba Chandler alikuwa amepandishwa siku chache kabla ya safari yetu. Mikono ya kurusha ilikuwepo. Wanaopiga hawakuwepo. Hakuna timu nyingine ya Ligi Kuu iliyofunga alama chache kuliko wao msimu ule, na mashabiki walikuwa wameshamwimbia mmiliki auze timu tangu Aprili.

Tulirudi usiku tukibishana hadi Blairsville. Jirani alisema 2027 ndiyo saa ya Pittsburgh. Mimi nikasema inaweza kuwa mapema zaidi, na nilisema kwa dhati, ila kwa sharti moja: wafungue pochi wanunue wapigaji wawili wa maana wakiwa na Skenes bado, badala ya kumtwika mtoto wa miaka 19 timu nzima mgongoni.