Kuinuka kitini bila kushika popote
Jamani, siku hizi nainuka kitini bila kushika popote, na nimefurahi mno! Kila asubuhi naketi ukingoni mwa kiti, narudisha nyayo nyuma kidogo, nainamisha kifua mbele mpaka nahisi uzito umehamia miguuni, ndipo nanyanyuka taratibu huku napumua. Kuketi tena ni polepole zaidi. Hapo mapaja ndipo yanapofanya kazi kwelikweli. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2020 unawashauri wenye miaka 65 na zaidi wafanye mazoezi ya nguvu na ya usawa wa mwili angalau siku 3 kwa wiki. Umri huo sijaufikia, ila sioni sababu ya kusubiri. Mnaoumwa magoti, anzeni na kiti kirefu kidogo, au wekeni mto juu yake.