Nilivyoamua kubadilisha oili ya giaboksi katika gari lililotembea kilomita nyingi

Gari langu ni Toyota Allion la mwaka 2004 lenye injini ya 1ZZ-FE ya lita 1.8, na lilipovuka kilomita 230,000 sikuwa na ushahidi wowote kwamba oili ya giaboksi yake ya otomatiki ilikuwa imewahi kubadilishwa. Lilitoka Japani likiwa limetumika, likapita mikononi mwa mtu mwingine hapa Dar es Salaam kabla ya kufika kwangu, na risiti nilizokabidhiwa pamoja na kadi ya gari zilihusu oili ya injini, breki na plagi tu.

Mafundi niliowauliza walipingana kabisa. Mmoja, mzee mwenye heshima kubwa pale gereji, aliniambia bila kusita: "Dada, gari la umri huu ukiigusa oili ya gia, utalirudisha hapa likivutwa. Liache litembee linavyotembea." Mwingine, kijana, alitaka tufunge mashine kwenye mabomba ya kupoozea oili na kusukuma nje oili yote ya zamani kwa mara moja. Nilitaka kuelewa sababu kabla ya kumfuata yeyote kati yao, kwa kuwa gharama ya kosa ingekuwa yangu.

Hofu ya yule mzee ina asili yake. Ndani ya giaboksi ya otomatiki mna sahani za klachi zilizopakwa utando wa msuguano, na utando huo ukiisha kidogo kidogo, chembe zake huelea ndani ya oili. Inasemwa kwamba katika giaboksi iliyochoka, chembe hizo ndizo zinazosaidia sahani kushikana, na kwamba oili mpya yenye viungo vya kusafisha huweza kubandua uchafu uliotulia na kuupeleka kwenye vijia vyembamba vya bodi ya vali, sehemu inayoelekeza oili kwenye klachi. Hata hivyo, kadiri nilivyochunguza visa nilivyosimuliwa, niliona kwamba wengi walikumbuka oili pale gari lilipokwisha kuanza kuteleza au kuchelewa kuingia gia. Giaboksi ya namna hiyo ilikuwa njiani kufa, na oili mpya ikabebeshwa lawama kwa sababu tu ndiyo iliyoingia mwisho.

Kwa hiyo niliacha kuhesabu kilomita nikaanza kuchunguza hali ya giaboksi yenyewe. Gari langu lilikuwa linaingia D na R bila kuchelewa, halikupandisha mzunguko wa injini bila kuongeza mwendo, wala halikuruka wakati wa kubadilisha gia. Niliichomoa stiki ya kupimia nikadondosha tone kwenye karatasi nyeupe ya chooni: rangi ilikuwa ya kahawia iliyokolea badala ya nyekundu, lakini hapakuwa na harufu ya kuungua wala chenga za chuma. Maana yake ni kwamba oili ilikuwa imechoka kuliko giaboksi. Kama ingekuwa nyeusi, inanuka kama kitu kilichoungua, na gari linateleza, ningeiacha nikaanza kuweka akiba ya giaboksi nyingine.

Kuiacha ilivyo nako hakukuniridhisha. Watengenezaji wengi hawaweki ratiba ya kubadilisha oili hii kwa matumizi ya kawaida, ila huagiza ibadilishwe kwa matumizi mazito, na sioni namna ambavyo foleni ya Ubungo saa kumi na moja jioni, katika joto la Februari, inaweza kuitwa matumizi ya kawaida. Oili hii hulainisha, hupooza, na pia hubeba shinikizo linalozibana klachi, na joto ndilo linaloiharibu kwa haraka zaidi.

Njia niliyochagua ni ya kumwaga na kujaza bila mashine. Giaboksi ya gari hili, U341E, huchukua karibu lita 7 kwa jumla, lakini ukifungua plagi ya chini ya kumwagia oili hutoka takriban lita 3 tu, kwa kuwa nyingine hubaki ndani ya tokikonveta (kiungo kati ya injini na giaboksi kinachopitisha nguvu kwa oili) na kwenye mabomba. Watu huliona hilo kuwa kasoro, nami nililiona kuwa faida. Ukimwaga lita 3 kati ya 7, oili mpya inakuwa kama asilimia 43. Ukirudia baada ya kutembea kiasi, inafika asilimia 67 hivi, na ukirudia tena, inapita 80. Mabadiliko yanakuja polepole, na kila awamu unapata nafasi ya kuona gari linavyoitikia kabla ya kuendelea. Mara ya kwanza tulifungua pia sampu, yaani bakuli la oili chini ya giaboksi, tukasafisha sumaku zilizomo na kubadilisha filta na gasketi. Sumaku zilikuwa na tope laini la kijivu, jambo la kawaida kwa umri huo. Vipande vinavyoshikika kwa vidole ndivyo vingenitisha.

Nilisisitiza mambo mawili, na fundi alinivumilia. La kwanza ni oili yenyewe. Giaboksi hii inataka Type T-IV, na rangi nyekundu peke yake haitoshi kuwa ushahidi, kwani haidroliki nyingi za aina mbalimbali madukani ni nyekundu. Allion la lita 2.0 la umbo hilohilo lina giaboksi ya CVT, isiyo na gia za hatua kwa hatua, inayotumia oili tofauti kabisa, kwa hiyo kumwambia muuzaji "oili ya gia ya Allion" bila kutaja aina ni hatari. La pili ni kipimo. Tulipima oili iliyotoka kwenye jagi lenye alama, tukarudisha kiasi kilekile, kisha nikaendesha hadi giaboksi ikapata joto. Injini ikiwa inanguruma mahali tambarare, nilipitisha gia zote nikarudi P, ndipo nikasoma stiki upande wa alama za moto. Oili ikizidi, sehemu zinazozunguka huichapa ikatoa povu, na povu haliwezi kubeba shinikizo. Ikipungua, pampu huvuta hewa na matokeo yanafanana.

Baada ya awamu ya kwanza sikuhisi tofauti kubwa. Baadaye gia ya pili kwenda ya tatu ikawa inaingia kwa ulaini zaidi injini ikiwa bado baridi, na nilipopandisha mlima Kitonga kuelekea Iringa nikiwa na abiria na mizigo, gari halikusita. Siwezi kudai kwamba bila oili mpya lingesita.

Hivi karibuni jirani yangu aliniomba nimpeleke kwa fundi huyohuyo, akiamini oili itaponya gari lake, ambalo ukiweka D huhesabu moja, mbili, tatu ndipo linasogea. Tuliichomoa stiki: oili ilikuwa nyeusi na harufu yake ilikereketa pua. Nilimshauri asinunue hata lita moja, bali fedha hiyo aiweke kwenye giaboksi ya mtumba, na akiipata, aibadilishe oili yake kabla haijafungwa, wakati sampu bado inafikika kwa urahisi.