Nilivyojifunza kuchimba muvi za kutisha ambazo jamaa wa flashi hajawahi kuzisikia

Kuna kitu kinaniudhi hapa Dodoma, nacho ni kwamba ukisema tu unapenda horo, yaani muvi za kutisha, mtu anakuuliza umeangalia ile ya mdoli? Nimeangalia. Ya sista mwenye uso mweupe je? Nayo nimeangalia, na mwendelezo wake, na mwendelezo wa mwendelezo. Halafu anakuja mjuaji mwingine anakushauri uangalie reti tu, yenye saba kwenda juu ndio kali. Huyo hajui horo. Muvi ya kutisha mtu anaipa mbili kwa sababu aliiangalia saa nane mchana, dirisha wazi, huku anachati. Ningefuata ushauri wa reti nisingeona nusu ya vitu ninavyovipenda leo.

Mwanzoni nilianzia pale kila mtu anapoanzia, kwa jamaa wa kujaza muvi kwenye flashi. Nilikuwa nimesoma mahali kuhusu muvi ya Kijapani ya 1977 inaitwa House, ya director Nobuhiko Obayashi, mabinti wanaenda likizo kwa shangazi mtu halafu nyumba inaanza kuwala mmoja mmoja, kuna binti analiwa na piano, na ukishangaa mawazo haya yametoka wapi ni kwamba Obayashi alimuuliza binti yake mdogo ni vitu gani vinamtisha akavichukua hivyo hivyo. Nikasema hii lazima niione. Nikaenda duka moja mjini, nikamwambia kaka nataka House. Akasema ipo braza, tena yote. Hilo neno "yote" lilitakiwa linishtue lakini njaa ilikuwa inauma, nikamwachia flashi ya giga 64 nikaenda zangu kula chips mayai. Narudi flashi imejaa pomoni, jamaa anatabasamu, ananidai hela ya maana. Nafika geto nachomeka, namwona mzee wa kizungu na fimbo anawatukana wagonjwa. Series ya daktari, nayo inaitwa House! Sizoni zote nane! Nikamrudia, nikamwambia kaka mimi nataka ya Wajapani, nyumba inakula watu. Akaniangalia kwa huruma akasema hiyo haipo duniani, ingekuwepo angekuwa nayo. Ile series alikuja kuichukua mama mkubwa na ndio ikawa ugonjwa wake, sasa hivi mtoto akikohoa tu nyumbani anauliza kama sio lupasi, ule ugonjwa wanaoutajataja humo kwenye series.

Basi nikaona hapa lazima nijitegemee, na njia nilikuja kuipata kupitia masista. Wale mliosoma bodingi za masista mnaijua The Sound of Music, tuliwekewa kila sikukuu mpaka nyimbo tukawa tunaziimba bafuni. Siku moja napekua tu simu nikaona director wake ni Robert Wise, na kwamba miaka miwili kabla ya hiyo, yaani 1963, alitengeneza The Haunting. Muvi ya nyumba ya mizimu! Mtu yule yule wa masista na vitoto vya kuimba milimani! Nikaitafuta usiku ule ule. Haina damu, mzimu wenyewe huuoni hata mara moja, ni mlango tu wa mbao unavimba kwa ndani kama kuna kitu kinausukuma, na mimi mwanaume mzima nikaenda kuhakikisha komeo langu.

Nikajiuliza huyu mzee kayajulia wapi haya. Kumbe alianza udirekta 1944 na The Curse of the Cat People, chini ya produsa mmoja anaitwa Val Lewton. Huyu Lewton ndio mtu wa kumsoma. Kampuni ya filamu ya RKO ilikuwa inampa jina la muvi tu, jina la kijinga kabisa, na hela kidogo chini ya dola laki na nusu, inamwambia haya katengeneze. Hela ya kutengeneza zimwi hana, kwa hiyo anatumia kivuli na sauti. Kuanzia hapo nikawa nashika uzi: Lewton ananipeleka kwa Jacques Tourneur aliyedirekti Cat People ya 1942, Tourneur ananipeleka Night of the Demon ya 1957, nikirudi kwa Lewton nakutana na The Seventh Victim ya 1943, ya Mark Robson, haifiki hata saa moja na nusu, inahusu kikundi cha waabudu shetani New York, na ina tukio la bafuni la kuogofya miaka mingi kabla ya lile la muvi ya Psycho ya Hitchcock ambalo dunia nzima inalisifia. Nani aliwahi kuniambia hii? Hakuna. Kwa hiyo acha kutafuta "horo bora kumi", tafuta mtu. Muvi imekukuna, angalia nani kaandika, nani kashika kamera, nani kacheza, halafu angalia alifanya nini kabla hajawa maarufu.

Waigizaji nao wanalipa. Yule kaka mweusi wa Night of the Living Dead ya 1968, ile ya mazombi, Duane Jones, wengi wanamjua kwa hiyo moja tu. Mfuate, anakupeleka Ganja & Hess ya 1973 ya Bill Gunn. Matajiri walimpa Gunn hela awatengenezee muvi ya vampaya, yaani mnyonya damu, ya kuwauzia watu weusi, yeye akawatengenezea kitu kizito cha damu, kanisa na kisu cha kale cha Afrika, wakaichukia, wakaikatakata na kuibadilisha jina ikaitwa Blood Couple. Ukiangalia hiyo iliyokatwa utasema ni takataka. Tafuta nzima.

Majina ndio yananimalizia bando. Muvi moja inaweza kuwa na majina manne. Messiah of Evil ya 1973 imeuzwa pia kama Dead People, na kuna wakati ikaitwa Return of the Living Dead ingawa haihusiani kabisa na muvi nyingine maarufu ya jina hilo, kwa hiyo usikate tamaa ukikosa kwa jina la kwanza, kagugo majina yake yote uyaandike pembeni. Ina tukio la supamaketi usiku, sisemi zaidi, ila kununua nyama nimekuwa naenda buchani mchana. Na kama muvi ni ya nchi nyingine andika jina la kwao. Ukiandika Satan's Slave unaletewa uchafu, andika Pengabdi Setan. Hiyo ni ya Indonesia, 1980, Joko Anwar akaja kuirudia 2017 ila anza na ya zamani. Mama wa nyumba anafariki, familia ya Waislamu waliosahau swala, mzimu wa mama unarudi dirishani, na mwisho anayekuja kuwasaidia ni mtu wa dini. Mzungu ataiangalia kama kituko, mtu wa Kondoa anaielewa dakika ya tano.

Kingine, za bure zipo nyingi tu na ni halali, watu hawajui. Hiyo Night of the Living Dead ilibadilishwa jina dakika za mwisho, wasambazaji walipoweka jina jipya wakasahau kurudisha alama ya hakimiliki, sheria ya Marekani ya wakati ule ikawa haina huruma, muvi ikawa mali ya kila mtu. Ipo Internet Archive, ile maktaba ya bure ya mtandaoni, unashusha na bando la usiku ambalo kwangu ni buku na kitu. Carnival of Souls ya 1962 ipo hapo hapo. Herk Harvey alikuwa mtengeneza filamu za mashule na viwanda kule Kansas, akapita karibu na ukumbi wa starehe uliotelekezwa pembeni ya ziwa la chumvi Utah, akachukua likizo kazini, akapata kama dola elfu 33, akatengeneza hii moja, yule mtu mweupe anayemfuata dada ni yeye mwenyewe Harvey, na hakutengeneza tena muvi ndefu maishani. Dada mwenyewe anapiga kinanda kanisani, kwa hiyo muvi nzima ni kinanda tu. Mimi naangalia saa sita usiku Area C, sauti juu, asubuhi jirani yangu mlokole ananisimamisha getini, Bwana asifiwe mwanangu, nimesikia mkesha wako jana, umeokoka lini? Nikamjibu amina. Ningemwambia nini?

Maandishi ya chini yakipishana na midomo usiifute muvi, kama unatumia VLC, ile programu ya kuchezea video, kwenye kompyuta bonyeza G au H mpaka yakae sawa. Nimeona watu wanafuta muvi nzuri za Kirusi, Viy ya 1967 kwa mfano, kisa maandishi yamechelewa sekunde mbili. Na usiishie kwenye sinema, TV nako kuna hazina: La cabina ya Hispania, 1972, mtu kanasa kwenye kibanda cha simu, kama nusu saa hivi, ila utaikumbuka ukiwa mzee. BBC nao usiku wa Oktoba 31, 1992 walirusha Ghostwatch, kipindi cha kubuni cha nyumba yenye mzimu, kimetengenezwa kionekane ni laivu na mtangazaji wa kweli Michael Parkinson, watu wakaamini wakapiga simu kwa kelele, na hawajakirudia tena kwenye TV ya Uingereza.

Bibi alipokuja kutoka Singida nikamwekea Cat People, dada anayeogopa kwamba akipenda atageuka chui. Namtafsiria polepole. Pale mwanamke anatembea usiku anasikia nyayo nyuma yake halafu basi linaingia ghafla kwa mshindo, bibi aliruka mpaka kanga ikadondoka. Akasema mjukuu, hizi habari Wazungu wamezichukua kwetu, akaanza kunihadithia watu-simba wa Singida wa miaka ya 1940, watu walivyokuwa wanauawa mashambani ikasemekana ni simba wanaotumwa. Muvi tukaipozi. Stori yake ilikuwa kali kuliko muvi na nilishindwa kulala vizuri.

Ndio maana sasa nimehamia za Bongo, na hizi ndio ngumu kuliko za Wajapani. Nsyuka na Shumileta za Mussa Banzi, zile za kaseti na CD za mwanzoni mwa miaka ya 2000, kopi safi hakuna, unapata vipande vinavyocheza kama vinaona aibu. Kuna mzee Kizota ana deki ya zamani na boksi la kaseti, anadai Nsyuka anayo nzima. Anataka elfu hamsini. Nimemwambia ishirini, na aiweke kwanza nione kama inacheza. Kagoma kuiweka, anasema nikishaiona sitainunua tena.